Jinsi ya kupiga dawa kwenye nyanya na mboga bila kubakiza sumu kwenye mzigo (kwa wakulima wa Arusha na Moshi)

Wakulima wenzangu wa huku kaskazini, hii naandika kwa mtu mwenye robo eka mpaka eka tatu nne za nyanya, hoho, maharage machanga, Chinese, mnafu, anauza Tengeru au Kilombero au kule Moshi Mbuyuni, au anawauzia wale wanaopeleka nje kupitia uwanja wa ndege wa KIA. Mashamba makubwa ya maua na mboga ya Usa River yana watu wao wameajiriwa kusimamia haya mambo, sisi wengine tunamtegemea muuza duka na jirani, na jirani nae alimuuliza muuza duka yule yule.

Kitu kimoja ukikishika humu kitakusaidia kuliko vyote: dawa haipangwi kuanzia siku umemuona mdudu, inapangwa kuanzia siku utakayovuna, unahesabu kurudi nyuma. Mtu akishika hilo basi hata dukani anaingia na swali tofauti, haulizi tena "nipe dawa kali", anauliza "nipe ya siku ngapi".

Kwanza ujue nani anasimamia nini, nitapita haraka hapa. Viuatilifu vyote, yani dawa za wadudu, ukungu, magugu, panya, zipo chini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao makuu yao yapo hapa hapa Ngaramtoni, barabara ya kwenda Namanga. Ndo ile wazee bado wanaiita TPRI, ilibadilika baada ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Hao ndo wanaosajili dawa baada ya kujaribiwa, wanatoa leseni kwa wauzaji, wanakagua maduka, na wana maabara ya kupima masalia, yani dawa inayobaki kwenye mazao. Chakula kikishafika sokoni kama chakula basi ni TBS, Shirika la Viwango, maana tangu 2019 kazi ya usalama wa chakula ilitoka kwa iliyokuwa TFDA ikaenda kwao. Wafanyakazi wa shambani na vifaa vyao vya kujikinga hiyo ni OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Na wa karibu kabisa ni bwana shamba wa kata yako ambae yupo chini ya halmashauri, na huyo mtafute mapema, usisubiri mpaka shamba limeshakuwa jeusi ndo unampigia simu saa mbili usiku.

Dukani

Hapa ndo kila kitu kinaharibika au kinanyooka. Duka la pembejeo linatakiwa liwe na leseni ya kuuza viuatilifu, na mara nyingi wanaibandika ukutani nyuma ya kaunta, angalia kama haijaisha muda. Usione aibu kuangalia, pesa ni yako.

Dawa ya kupimiwa usinunue. Najua ni bei rahisi na najua mtu ana robo eka hataki chupa ya lita, lakini ile unayowekewa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita haina lebo, na isipokuwa na lebo haina kipimo, haina siku za kusubiri, haina tarehe ya kuisha, wala hujui kama ni yenyewe au imeongezwa maji. Alafu unaifikisha nyumbani inakaa dirishani na watoto wapo. Mkiwa wawili watatu mnaolima zao moja bora mchange mnunue chupa moja iliyofungwa, mgawane siku ya kupiga, kila mtu aje na bomba lake, chupa ibaki kwa mmoja.

Ukishapewa chupa igeuze. Mfuniko una kile kizibo cha ndani, lakiri, kiwe hakijaguswa. Tafuta namba ya usajili ya hapa Tanzania, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na maelezo ya Kiswahili. Chupa yenye lebo ya nchi jirani tu, hata kama ni dawa nzuri kweli na shemeji yako wa ng'ambo ya Namanga anaipiga kila wiki, kama haijasajiliwa huku haijasajiliwa huku, kusajiliwa Kenya hakuivushi mpaka. Huku Holili na Tarakea pia hizi zipo nyingi, zinapita kwenye bodaboda. Mkaguzi akiikuta kwako ni kesi, na mnunuzi akiikuta kwenye daftari lako mzigo unabaki.

Alafu omba risiti. Sio kwa ajili ya TRA tu, ikitokea dawa imeunguza shamba hiyo risiti pamoja na chupa ndo ushahidi wako pekee, bila hivyo utalalamika hewani.

Kuna dawa za zamani bado zinazunguka vijijini kwenye magala na stoo za wazee. Endosulfan kwa mfano, ile wengi walioijua kama Thiodan enzi za kupigia kahawa, iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2011 ili iondolewe duniani kote. Ukiikuta stoo usiseme ngoja niimalizie kwenye nyanya. Usiimwage pia, waulize watu wa Ngaramtoni au bwana shamba namna ya kuikabidhi.

Kusoma lebo

Lebo imeandikwa herufi ndogo kama wanaficha kitu, piga picha kwa simu uikuze. Kuna vitu vinne vya kutafuta hata kama una haraka.

Cha kwanza ni kiini cha dawa, yani kemikali yenyewe, na huwa ipo chini ya jina la biashara kwa maandishi madogo. Majina ya biashara ni mengi kuliko dawa zenyewe. Unaweza ukatoka dukani na chupa tatu za rangi tofauti zote ni lambda-cyhalothrin, ukapiga ya kwanza wadudu hawafi, ukapiga ya pili, ya tatu, kumbe umerudia kitu kile kile mara tatu na masalia yanajumlishana kwenye tunda moja. Lebo nyingi siku hizi zina namba ya kundi, mfano 3A, 4A, 28, hiyo inaonyesha dawa inamuua mdudu kwa njia gani. Unapobadilisha dawa badilisha namba ya kundi, sio jina la chupa. Kantangaze, yule mdudu anaetoboa majani na matunda ya nyanya, ndo ametufundisha hili kwa nguvu, maana huyo mdudu anazoea dawa haraka, na mkulima anaedhani amebadilisha kumbe hajabadilisha ndo anaishia kuongeza dozi.

Cha pili ni zao. Kama lebo inasema pamba na mahindi, haisemi mchicha, basi mchicha haumo. Watu wanadhani ni urasimu tu. Kiwango cha masalia kinachoruhusiwa kinawekwa kwa dawa fulani kwenye zao fulani, na pale ambapo Ulaya hawajaweka kiwango maalum wanatumia kiwango cha jumla cha miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni sawa na gramu 1 ya dawa imetapakaa kwenye tani 100 za mzigo. Kwaiyo dawa isiyo ya zao lako hata ukiipiga kistaarabu vipi karibu lazima ikukamatishe.

Cha tatu ni ile rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, bluu, alafu kijani. Hapa naomba tuelewane vizuri maana watu wengi wanajichanganya: hiyo rangi inaongelea hatari ya papo kwa papo kwa mtu anaeishika, anaeivuta au kuimeza, haiongelei masalia. Kijani haimaanishi piga leo vuna kesho. Mankozebu, ile ya ukungu ya unga tunayoipiga wote, ni ya kijani, na Ulaya waliikataa kuiendeleza mwishoni mwa 2020 kwa sababu za kiafya za muda mrefu. Klopirifosi, dawa ya wadudu, ni ya njano, nayo waliifunga mwaka huo huo 2020 na kiwango chake kikashushwa mpaka hiyo 0.01. Huku dukani unaweza ukaikuta dawa inauzwa kihalali kabisa lakini kwa mnunuzi wa nje ni marufuku, ni sheria mbili tofauti, na wewe ndo upo katikati.

Cha nne ni siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kwenye lebo za kizungu wanaandika PHI. Hii inataka nafasi yake.

Siku za kusubiri

Dawa ikishapigwa inaanza kuvunjika, jua linaivunja, mvua inaiosha, mmea wenyewe unaitafuna polepole na tunda linakua kwaiyo kiasi kinapungua kwa kila kilo. Siku za kusubiri ni muda uliopimwa kwamba ukipiga kwa kipimo cha lebo, zikiisha siku hizo masalia yatakuwa yameshuka chini ya kiwango. Angalia hayo maneno, kwa kipimo cha lebo. Ukizidisha dozi mara mbili hizo siku hazina maana tena, na hakuna mtu anaeweza kukuambia ni ngapi mpya.

Sasa kwa mahindi au maharage makavu hili ni jepesi, unavuna mara moja. Shida ipo kwenye nyanya, hoho, matango, bamia, maharage machanga, vitu unavyochuma na kurudia. Nyanya ikianza kuiva unachuma kila baada ya siku tatu nne kwa wiki kadhaa. Lebo ikisema siku 14 maana yake ukipiga hiyo dawa leo inabidi michumo mitatu au minne uiache ioze shambani, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakaeiacha, hasa bei ikiwa juu, kwaiyo anachuma tu na mzigo unaenda Kilombero usiku. Sio kwamba mkulima ana roho mbaya, amejiweka mwenyewe mahali ambapo hana namna. Ndo maana nasema rudi nyuma kuhesabu.

Fanya hivi. Chukua kalenda, hata ile ya ukutani ya chama au ya kanisa, weka alama siku unayotegemea mchumo wa kwanza. Muuza mbegu au bwana shamba atakwambia aina yako inachukua siku ngapi tangu kuhamisha miche, kama ni Tengeru 97 au chotara yoyote. Toka kwenye hiyo alama rudi nyuma wiki tatu, piga mstari. Dawa zote za siku 14 na 21 zinaishia kabla ya huo mstari, yani kipindi mche unakua na maua yanaanza. Baada ya mstari unaingia na dawa za siku 7 mpaka inakaribia kuiva. Ukishaanza kuchuma ni dawa za siku 1 mpaka 3 tu, na zipo, nyingi ni hizi za kizazi kipya au za kibaiolojia kama zile za bakteria wa Bt kwa viwavi. Bei yake inauma lakini unapiga chache.

Na ukipiga kwenye kipindi cha kuchuma basi chuma kwanza, piga jioni ya siku hiyo hiyo. Ukifanya hivyo unapata siku zako tatu nne zote mpaka mchumo unaofuata bila kupoteza kitu. Wengi wanafanya kinyume, wanapiga jumatatu ili nyanya zikae vizuri, jumanne wanachuma, sababu soko la Tengeru ni jumatano. Badilisha tu hiyo ratiba, haikugharimu hata mia.

Masika na kipindi cha baridi, Juni mpaka Agosti, ndo mtihani wenyewe. Ukungu ukishuka Meru au upande wa Kilimanjaro bakajani, ule ugonjwa wa ukungu unaokausha majani, inaweza ikamaliza shamba ndani ya siku chache, na mtu anapiga dawa ya ukungu kila baada ya siku tatu. Lebo huwa inataja pia muda kati ya kupiga na kupiga na idadi ya mwisho kwa msimu, nayo ni sheria. Kinachopunguza kupiga hapo ni mambo ya shambani: nafasi ya kutosha kati ya miche, kuweka miti na kufunga, kupunguza majani ya chini, kumwagilia chini na sio juu ya majani, na kutorudia nyanya au viazi mviringo palepale msimu kwa msimu. Kwa kantangaze weka mitego ya harufu mapema, kile kibeseni cha maji yenye tone la sabuni na kidonge cha harufu juu yake, madume yanaingia, na wewe asubuhi ukihesabu unajua kama wadudu wanaongezeka kweli au ni hofu tu. Kupiga kwa hofu ndo kunakomaliza pesa.

Mboga za majani sipendi kuficha maoni yangu: mchicha na mnafu ukiweza usipige kabisa. Mchicha unakaa wiki tatu nne toka kusia mpaka kung'oa, hapo hamna nafasi ya dawa ya siku 14. Wadudu mafuta wakiwa wachache majivu yanasaidia, chandarua cheupe kinasaidia zaidi. Chinese na sukuma wiki za kuchuma kila wiki ni dawa za siku chache tu, nje ya hapo unamlisha mtu sumu na mtu mwenyewe mara nyingi ni jirani yako.

Vipimo

Kizibo sio kipimo. Vizibo havifanani, na "vifuniko viwili kwa bomba" ya jirani ni ya bomba lake la lita 20 wakati lako ni 16. Nenda phamasi ununue bomba la sindano la mililita 10 au 20, bila sindano yenyewe, liandike DAWA kwa maka na lisitoke stoo.

Kama lebo imesema mililita kadhaa kwa lita 20 za maji hapo ni rahisi, gawanya tu kulingana na bomba lako. Ikisema kwa hekta ndo watu wanakwama, kwaiyo tufanye mfano. Lebo inasema mililita 500 kwa hekta. Eka moja ni kama hekta 0.4, kwaiyo eka inataka mililita 200. Sasa unatumia mabomba mangapi kwa eka? Usikisie. Pima kipande cha mita 10 kwa mita 10, tia maji matupu kwenye bomba, piga hicho kipande kwa mwendo wako wa kawaida, alafu uone maji yamepungua kiasi gani. Kikitumia lita 4, basi eka ambayo ni vipande kama hivyo 40 itatumia lita 160, yani mabomba 10 ya lita 16. Mililita 200 gawa kwa 10 ni mililita 20 kwa bomba. Basi. Hii unaifanya mara moja, unaiandika ukutani, ukibadilisha pua ya bomba au mtu wa kupiga unaipima upya, maana kijana mmoja anakimbia mwingine anatembea kama yupo harusini.

Kitu kingine ambacho huku kinatusumbua ni maji ya magadi. Sehemu nyingi za chini ya Meru, Ngarenanyuki na pembeni yake, maji yana magadi, na kuna dawa hasa za jamii ya klopirifosi na profenofosi ambazo kwenye maji ya hivyo zinavunjika haraka ndani ya bomba. Mtu anachanganya saa moja asubuhi, anakunywa chai, anapiga saa nne, wadudu hawafi, anasema dawa feki, kesho anazidisha. Changanya unachopiga sasa hivi, au tumia maji ya mvua kama unayo.

Na mchanganyiko wa dawa tatu nne kwenye bomba moja, "supu" kama wengine wanavyoita, achana nao isipokuwa lebo imesema hizo mbili zinachanganyika. Kila dawa ina siku zake za kusubiri, ukichanganya unafuata ile ndefu kuliko zote, kwaiyo supu yenye dawa moja ya siku 21 imeshakuwa ya siku 21 nzima.

Siku ya kupiga

Asubuhi na mapema au jioni kuanzia saa kumi na moja, upepo ukiwa umetulia na nyuki wamepungua. Ovaroli au shati la mikono mirefu, suruali nje ya gamboti ili dawa isitiririkie ndani, glavu za mpira, miwani, barakoa ya kemikali. Kitambaa au barakoa ya Corona haizuii mvuke wa dawa, inazuia vumbi kidogo tu. Kama glavu ndo kitu pekee unachoweza kununua leo basi nunua glavu, na zivae wakati wa kuchanganya zaidi kuliko hata wakati wa kupiga, sababu pale ndo unashika dawa ambayo haijaongezwa maji. Mjamzito na mtoto wasiwepo. Lebo ikikataza kuingia shambani kwa saa 24, watu wa kupalilia nao wasiingie, sio mpigaji peke yake.

Maziwa. Huku kwetu mtu akimaliza kupiga anakunywa maziwa "kuua sumu". Maziwa hayaui sumu yoyote hapo, na kwa baadhi ya dawa mafuta yanaweza kusaidia sumu kuingia mwilini. Kinachosaidia ni kuvua nguo, kuoga na sabuni, na nguo zifuliwe peke yake.

Mtu akianza kutoka jasho jingi, mate, machozi, kuona ukungu, kutapika, misuli kucheza, kubanwa kifua, hiyo ni dharura. Mtoe kwenye dawa, mvue nguo, muoshe, usimlazimishe kutapika, mpeleke hospitali iliyo karibu na UBEBE CHUPA YENYEWE au picha ya lebo. Daktari anahitaji kujua ni jamii gani, zipo zenye dawa yake ya kuzipinga kama atropini na zipo zisizo nayo, na dakika za kumuuliza mgonjwa alipiga nini hazipo.

Chupa ikiisha isuuze mara tatu, yale maji ya kusuuza yamwage kwenye bomba upigie shambani, alafu itoboe isije ikabebewa maziwa au mafuta ya taa. Usichome. Na bomba lisioshewe kwenye mfongo au mfereji, kuna watu wanachota chini huko, mifereji ya Kilimanjaro inapita kwenye vihamba kumi kabla haijafika kwenye mpunga.

Daftari na mnunuzi wa nje

Ukitaka kuuza nje au kwa hoteli na supamaketi zinazouliza maswali, daftari ndo leseni yako. Kwa kila kupiga andika tarehe, kipande cha shamba, zao, jina la dawa na kiini chake, namba ya toleo, umeipiga sababu ya mdudu gani, mililita kwa bomba, mabomba mangapi, nani kapiga, siku za kusubiri, na tarehe ya kwanza inayoruhusiwa kuvuna. Hiyo ya mwisho ndo wengi wanairuka na ndo ya maana kuliko zote, ijaze siku hiyo hiyo ya kupiga kwa kalamu nyekundu, alafu mwambie mkeo au mumeo au yeyote anaepokea simu za madalali, maana dalali anapiga simu wewe haupo na mtu wa nyumbani anamwambia njoo tu mzigo upo.

Kabla hujapanda, muombe mnunuzi orodha ya dawa anazokubali na viwango vyake. Viwango vya Ulaya vipo kwenye kanuni yao namba 396 ya mwaka 2005, na nchi nyingine nyingi zinaangalia viwango vya Codex, ile tume ya FAO na WHO iliyoanza 1963. Hivi viwili havifanani kila mahali, kwaiyo usiseme "nimefuata viwango vya kimataifa", sema soko gani. TAHA, chama cha wakulima wa mboga, matunda na maua, nao wapo hapa Arusha, wanasaidia sana upande huu wa soko na vyeti. Na usichanganye cheti cha afya ya mimea unachopewa na TPHPA wakati wa kusafirisha na majibu ya masalia. Kile cheti kinasema mzigo hauna wadudu na magonjwa ya karantini, masalia ni kipimo kingine cha maabara na unakiomba kivyake.

Wenzetu Kenya yaliwakuta haya, kuanzia Januari 2013 Ulaya walianza kukagua asilimia 10 ya mizigo yao ya maharage machanga na njegere changa sababu ya masalia, dawa ya wadudu ya daimethoeti ikiwemo, na walioumia kwanza ni wakulima wadogo wadogo maana kampuni zilikimbilia mashamba makubwa yanayoweza kusimamiwa. Mzigo wa mtu mmoja unafunga mlango wa kata nzima.

Kwa anaenunua tu sokoni

Wale mnaonunua sado ya nyanya Kilombero au Mbuyuni, ule unga mweupe au wa bluu kwenye nyanya mara nyingi ni dawa ya ukungu, inakaa juu ya ganda, ukiosha kwa maji yanayotiririka huku unasugua kwa mkono sehemu kubwa inatoka. Mama muuzaji akiifuta kwa kitambaa mpaka ing'ae hajaitoa, ameisambaza na kitambaa chenyewe ameshafutia matenga manne. Na nyanya inayong'aa haimaanishi salama, kuna dawa zinazoingia ndani ya mmea na hizo hauzioni wala haziondoki kwa kuosha. Kumenya kunasaidia kwa karoti na matango. Sabuni ya vyombo usitumie.

Ukimkuta anaeuza dawa ya kupima kwenye meza pembeni ya vitunguu na mchele, toa taarifa kwa bwana shamba wa kata au afisa afya wa soko, na kama upo Arusha fika tu Ngaramtoni ofisini kwao. Nenda na jina la soko, siku anayokuja, na picha ya hicho anachouza.